Buick Yangu Inalala Wapi?

Jumatatu, 10 Februari
Bima imepanda tena! Nimempigia wakala, Bi Odette, nikamwapia kwamba tangu ninunue Buick sijagonga hata njiwa. Akasema tatizo si mimi, ni mahali gari linapolala. Linalala Englewood, mtaa wetu wa walalahoi, basi. Shemeji yangu Cleotis yuko Beverly, mtaa wa wenye nazo, Chicago hiihii, ameshagonga nguzo mbili na sanduku la barua, na analipa nusu ya ninayolipa mimi. Nusu! Kisha anacheka.

Mke wangu Vernita amesema nikishindwa kulipa bima, ufunguo anapewa kaka yake. Cleotis! Ndani ya Buick yangu! Afadhali niuze figo.

Vernita anakusanya sahihi. Alhamisi wabunge wa jimbo wanapigia kura ya mwisho muswada wa kubana tofauti ya bima kati ya mtaa na mtaa ndani ya jiji. Anasema nitie sahihi nitulie. Mimi? Nisubiri wanasiasa? Na akili zote hizi?

Jumanne, 11 Februari
Nimemwambia Bi Odette gari limehamia Beverly. Rahisi hivyo! Bima imeshuka papo hapo. Nimejibusu kwenye kioo. Ila mkaguzi wa bima atapita huko Alhamisi asubuhi kuliona. Vernita sijamwambia.

Jumatano, 12 Februari
Theluji magotini. Beverly nzima hakuna pa kuegesha, ila mahali pamoja pamechimbwa safi, katikati kiti cha plastiki. Aliyechimba theluji huweka kiti kushika nafasi yake, na kiti cha mtu hakiguswi. Hata majambazi hawakigusi.

Nilikigusa. Nilikirusha kando, nikaegesha, nikarudi kwa basi nikicheka peke yangu mpaka dereva akaniuliza kama niko sawa.

Alhamisi, 13 Februari
Mungu wangu! Buick ni bonge la barafu! Mwenye kiti, bibi mmoja aitwaye Mozelle, ameimwagilia maji kwa mpira wa bustani mpaka basi. Namba haisomeki, mlango haufunguki. Nikamwambia mkaguzi hili ni gari langu, hulala hapa siku zote. Bi Mozelle akapaza sauti toka barazani: limekuja jana hilo, baba, na mwenyewe mwizi wa viti! Mtu wa hapa angethubutu?

Mkaguzi akaandika. Akaandika mno. Mchana Bi Odette akanipigia: bima imefutwa, sababu udanganyifu.

Sijakata simu vizuri, Vernita huyo, vigelegele! Muswada umepita! Bima ya Englewood inashuka! Majirani wanacheza barabarani, theluji na yote. Nikamwambia hongera, mke wangu. Kisha nikalia kidogo.

Jumamosi, 15 Februari
Cleotis kaja kuchukua ufunguo. Bima yake itapanda kidogo, kanuna, lakini Buick anayo. Kapiga honi mtaa mzima, kaniita shemeji mtembea kwa miguu. Vernita kashika kiuno: ungetulia tu, Thaddeus! Ungetulia tu, leo ungekuwa unaendesha!

Maneno mazito. Nimeyatafakari mpaka chakula cha jioni, nikaliona kosa langu. Nilidanganya kuhusu gari. Nilipaswa kudanganya kuhusu dereva!

Wazee hupunguziwa bima. Mama mkwe ni mzee, na Cleotis hawezi kumnyima mamake gari. Nimempelekea pai ya viazi vitamu, nikamwambia akiulizwa na watu wa bima aseme ndiye anayeendesha Buick kila siku. Kakubali. Kisha akauliza: mwanangu, Buick si ndiyo ile nyekundu?

Ni ya kijani. Kesho tunaanza mazoezi.