Tonge la Mzee Chekol

Nyie! Kama ushujaa ungepimwa kwa mdomo, binamu yangu Yirdaw angekuwa na sanamu katikati ya mji wetu wa Debre Markos, na njiwa wangeikwepa kwa heshima!

Shida yake moja tu: anamtaka Wubalem. Na baba yake Wubalem ni Mzee Chekol, askari mstaafu, mtu ambaye hata akipiga chafya unasimama wima. Mzee hapokei posa mpaka kijana amghanie shairi la vita, tena alieleze. Akiridhika, anamlisha tonge kwa mkono wake mwenyewe. Ukilishwa, kesho tuma wazee! Usipolishwa, kaoe mti.

Basi sikukuu ya Msalaba tukajaa sebuleni kwa mzee. Nyasi mbichi chini, kahawa inanukia, simu yangu inarekodi. Yirdaw kajitupia shuka la vita la babu, kashika fimbo. Akaruka! Akanguruma! Paka wa watu akahama nyumba.

“Mimi mwana wa simba, mkuki wangu haujui kulala!
Adui akiniona, kivuli chake kinamtangulia kukimbia!
Mama akiniita, tonge naliacha hewani!”

Vigelegele! Wubalem anapepea mkaa, lakini meno yote nje.

Mzee Chekol akamega injera, ule mkate wetu laini kama chapati, akaifunga na mchuzi wa kuku, tonge saizi ya ngumi ya bondia. Akaliinua.

“Umeghani vizuri, mwanangu. Nieleze huo mstari wa mwisho, nikulishe.”

Yirdaw akakohoa kiprofesa. “Mzee wangu, hapo pana kina! Mama hapo siyo mama. Ni nchi! Ni heshima! Ni wajibu wa...”

“Yirdaw weee!”

Sauti ya nje. Mama yake, shangazi Tiruye, alikuwa nyuma anamleta kondoo dume wa zawadi. Kumleta ilikuwa kazi ya Yirdaw, ila alisema shuka la shujaa halinuki kondoo.

“Yirdaw! Kondoo kaniburuta mtaroni! Njoo!”

“Mama, subiri kidogo! Naeleza ubeti!”

Tonge liko hewani, mchuzi unadondoka.

“Nani anaita?” Mzee akauliza, taratibu.

“Ah, ni mama tu, mzee wangu. Tuendelee. Shujaa wa kweli akisikia sauti ya mama, damu inachemka, miguu inapaa...” Na miguu yake mwenyewe imeganda pale pale kama ya kiti! Akafumba macho, akafungua mdomo kama kifaranga.

“We Yirdaw! Tope limefika kiunoni!”

Wubalem akatupa kipepeo cha mkaa, huyooo nje, peku! Sisi wengine tukabanana madirishani.

Punde akarudi. Mkono mmoja kamshika shangazi Tiruye, tope mpaka kwenye nyusi, mkono mwingine pembe la kondoo.

Mzee Chekol akainuka na tonge lake. Akampita Yirdaw, ambaye bado kafumba macho, pua inafuata harufu. Akafika mlangoni.

“Karibu, mama wa shujaa,” akasema, akamlisha shangazi tonge zima.

Yirdaw akafumbua macho. “Mzee! Na mimi je?”

Shangazi akamjibu, mashavu yamejaa:

“Subiri kidogo, mwanangu. Natafuna ubeti.”