Mke Wangu Yuko Kibanda Namba Tatu

Likasi, 14 Septemba 1994

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Makumbusho ya Maisha ya Milimani,

Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa hasira imenifika shingoni. Mimi ni fundi umeme wa kiwandani. Mtaani kwetu umeme wenyewe tuliuaga mwaka jana. Jumapili, baada ya misa, nilimpeleka mke wangu Hortense kwenu akaone mababu walivyoteseka milimani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlitutoza kiingilio mkatuonyesha kibatari, kuni, na mama anayebeba maji kichwani. Bwana, hivyo vyote tunavyo nyumbani, na hatumtozi mtu.

2. Bibi Philomène, uliyemwajiri awe nyanya wa kale katika kibanda namba tatu, alikuwa anapakua bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Alipotuona akasema, kama mtu yeyote mwenye malezi: "Kuyeni, tukule." Tungekataaje? Tumeshanawa, tumeshamega, ndipo mlinzi wako anapiga kelele: "Baba, usiguse, ile iko kitu ya musée!" Nina miaka hamsini na miwili, sijawahi kufukuzwa kwenye sahani niliyokaribishwa. Tuliimaliza hata hivyo.

3. Hortense hawezi kula kwa watu akainuka tu. Alishika mchi amsaidie mwenyeji kutwanga mahindi. Wageni wakampiga picha, mlinzi akamhesabu pamoja na mababu. Leo ni siku ya nne hajarudi. Namkosa sana, Bwana. Hata kugombana sina wa kugombana naye.

4. Jana nilipomfuata, niliamriwa nisimame nyuma ya kamba. Miaka ishirini na sita ya ndoa, tena ya kanisani, namtazama mke wangu kutoka nyuma ya kamba! Na amenenepa.

Kwa hiyo nirudishiwe mke wangu. Kama ameshakuwa mali ya taifa, basi izungushieni kamba nyumba yangu pia, maana humo hakuna kitu cha kisasa kinachofanya kazi, na sahani ya saa sita iletwe huko.

Nisalimie wafanyakazi wote, Bibi Philomène hasa, na hata yule mlinzi.

Anayekuheshimu bado,
Constantin Mwepu

N.B. Nimemsomea Hortense barua hii pale kwenye kamba, akacheka mpaka akaangusha mchi. Anasema kibanda namba tatu hakina babu. Basi futa malalamiko yote, la pili kwanza. Kesho asubuhi nitafika kazini kwenu. Vazi langu la kibabu, lile la magome ya mti, liwe pana kiunoni, na mlinzi aambiwe kwamba nikiwa nakula, mtu asiniguse.