Kikanisa Mlangoni kwa Mgahawa

Jumanne, 1 Agosti
Mfungo wa Mama wa Mungu umeanza. Maharage bila mafuta. Magari ya kukodi yamepita tangu asubuhi, watalii vichwa nje, na yote yamekwenda kusimama kona ya mbele, kwenye mgahawa wa shemeji yangu Manousos. Kwake ghuba nzima inaonekana. Kwangu unaona mgongo wa kilima na mbuzi wa jirani. Mke wangu Evanthia amesema sikukuu ya tarehe kumi na tano ikikuta meza zetu tupu hivi, tunafunga mgahawa na kwenda kwa kaka yake: yeye jikoni, mimi kuosha sahani. Manousos kapita na pikipiki, kanituliza. Nisihofu, shemeji, aproni yangu ameshainunua. Ina maua.

Alhamisi, 3 Agosti
Nimepata. Jana mama mmoja wa Kijerumani alisimamisha gari katikati ya barabara apige picha kikanisa cha bati karibu na kinu cha zeituni. Kile kisanduku cha umbo la kanisa juu ya mlingoti, chenye kioo, taa ya mafuta na picha ya mtakatifu. Sisi tunavipita kila siku, wao wanasimama. Kwa nini kisiwepo mlangoni kwangu? Fundi Sifis alikuwa nacho kimoja tayari. Ndani nimemweka Mtakatifu Fanourios, mfichuaji wa vilivyopotea, nikamwomba aufichue mgahawa. Biashara na ibada, mlingoti mmoja. Evanthia kakitazama, kanitazama, karudi jikoni.

Jumamosi, 5 Agosti
Magari yamesimama! Picha nyingi. Mfaransa mmoja kaingia hadi ndani, kauliza choo, katumia, kaondoka. Ni mwanzo.
Jioni akaja Bibi Marigo, kavaa nyeusi tangu kitambaa hadi soksi, na mshumaa mkononi. Kauliza ni mtoto wa nani. Nikasema si wa mtu. Akanishika mkono, akasema anaelewa, nitazungumza nikiwa tayari.

Jumapili, 6 Agosti
Aibu. Baada ya ibada Padri Anthimos kaniuliza mbele ya kijiji kizima nani kafa mlangoni kwangu, mbona hakuitwa kusali. Huku kwetu kikanisa cha barabarani hakiwekwi hivihivi: ama mtu kafa pale, ama kaponea chupuchupu. Nilijua. Nimejua tangu utotoni. Ila kichwani walikuwemo Wajerumani tu.
Nikasema hakuna aliyekufa, kuna aliyeokoka. Nani? Mimi. Kuokoka na nini? Hapo sikuwa nimefika. Nikasema mwiba wa samaki. Si uongo kabisa. Niliwahi kukabwa nikiwa mdogo, kwa bibi yangu. Manousos akauliza kwa sauti ya kanisa zima: samaki wa mgahawani kwako, shemeji?

Jumanne, 8 Agosti
Mwiba umekua. Leo kijiji kinasema ni Mholanzi aliyekula samaki wangu akafa kabla ya kahawa. Dereva wa mkate kautupa mfuko mlangoni, kapiga ishara ya msalaba, kaondoka. Wazee wangu wa kahawa wamehamia kwa Manousos. Anawaambia mgahawa wangu ndio pekee kisiwani wenye kaburi lake. Mteja hasumbuki kusafirishwa.

Alhamisi, 10 Agosti
Alfajiri nimekwenda kuking'oa. Nimemkuta Bibi Marigo na wenzake, wameleta maua na ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu. Padri naye yupo. Koleo mkononi mwangu. Akasema taa iliyowashwa kwa mtakatifu haiondolewi kama tangazo la bia. Nikasema nilitaka kupanda maua tu, nikapanda.
Baada ya sala wakaketi. Meza zote zimejaa, mara ya kwanza mwaka huu! Wakala ngano yao, wakaomba maji, wakaniombea, wakaenda.

Jumanne, 15 Agosti
Sikukuu. Mgahawani hakuna hata nzi. Evanthia hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Alifuta meza moja moja, meza za baba yangu, akazigeuza miguu juu. Akaniambia nichukue viatu visivyoteleza. Nimelia kidogo, nyuma, kwa mbuzi.

Jumamosi, 19 Agosti
Jikoni kwa Manousos. Aproni inabana. Dirisha la sinki linatazama maegesho, kwa hiyo nasafisha huku nafikiri, na leo Mungu amenifumbua macho. Kikanisa hakikuwa kosa. Kosa ni mahali. Kikisimama hapa, kwenye kona ya shemeji, wenyeji wataogopa kula hapa, watapita moja kwa moja hadi kwangu. Evanthia ataweza kuzisimamisha meza tena. Kwamba hapa ndipo tunapokula sisi wawili sasa, hilo tutalipanga baadaye.
Wakati wa mapumziko nimekwenda kwa Fundi Sifis kuagiza kingine, kikubwa zaidi. Kauliza safari hii kafa nani. Nikamwambia aanze kukata bati, jina nitamletea.