Mbuzi Wangu Madamu Anashikiliwa kwa Kutembelea Bustani

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Shikamoo, na pole kwa kazi ngumu ya kulinda miche. Mimi ndiye mwenye yule mbuzi jike mweusi, aitwaye Madamu, mliyemfunga nyuma ya ofisi tangu Jumatatu. Nasikia Jumamosi atapigwa mnada. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mgambo wenu Joshua alimkamata kwa kumvuta sikio mbele za watu. Madamu ana mimba. Tangu nimnunue mnadani Mvumi, mwaka niliooa, hajawahi kushikwa sikio, hata na mimi.

2. Anashtakiwa kula mparachichi uliopandwa na mgeni rasmi. Ndugu Mwenyekiti, mparachichi, Dodoma hii, tena mwezi wa saba, mvua ilishakatika na upepo unatupasua midomo! Mgeni rasmi aliushika mche, akapigwa picha, akanawa mikono kwa maji ya kumwagilia, akaondoka. Toka siku ile hakuna kiongozi aliyekwenda kuujulia hali. Aliyekwenda ni Madamu. Kama aliukuta umekauka, akaona auondoe kistaarabu, hilo ni kosa au ni usafi wa mazingira?

3. Jirani yetu Mama Yasinta ametoa ushahidi kwamba Madamu haachi bustani ya mtu. Ni kweli, yule ni mpenzi wa mimea. Kifuku humwoni kwa mtu, maana kijani kiko kila mahali. Kiangazi kikikolea ndipo anaanza ziara, na haingii ovyo: anachagua bustani ya mtu anayejituma kumwagilia. Ukimkuta kwako mwezi wa tisa, ujue umesifiwa. Mwaka jana huyu huyu Mama Yasinta aliniuliza, "Baba Erica, ua wangu wa michongoma umenyooka hivi, nani kaukata?" Nikamwonyesha fundi, amelala kivulini anacheua. Tukacheka wote. Leo mwenzangu kawa shahidi wa upande wa pili.

4. Hili linaniuma kweli: nyumba imepoa. Nikiamka hakuna anayelia mlangoni. Chakula hakishuki.

Kwa hiyo naomba Madamu aachiwe kabla ya Jumamosi, aombwe radhi, na aingizwe kwenye Kamati ya Mazingira, kwa kuwa ndiye pekee anayetembelea miti ikishapandwa. Posho ya vikao hadai, majani yanamtosha. Mkikataa, basi mpigeni mnada pamoja na mgeni rasmi, maana kazi waligawana: yeye aliuacha mti ufe, Madamu akauzika.

Nisalimie Mtendaji, wajumbe wote na familia zao. Joshua naye msalimie, nimemsamehe nusu.

Wako mtiifu mwenye uchungu,
Obedi Chilewa

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu Raheli ameniita uani. Waridi alilolipanda mwaka tuliooana limechanua, kwa mara ya kwanza. Miaka yote hii nimekuwa nikimwambia tatizo ni chumvi ya maji ya Dodoma. Kumbe waridi lenyewe ni la njano. Raheli amevuta kigoda amekaa analitazama, nami nashindwa hata kumwangalia usoni. Ndugu Mwenyekiti, mnada uendelee. Na asipopatikana mnunuzi Jumamosi, tafadhali sana, msimrudishe.