Mjukuu Wangu Hamo Kwenye Ramani Yenu

Waheshimiwa Watengenezaji wa Mchezo wa Ramani ya Falme za Kale,

Nawasalimu nyote, mlioko kazini na mliobaki nyumbani, mkubwa wenu pamoja na anayewapikia chai. Mimi ni mama wa watoto watatu, kazi yangu udobi, na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta mahali nimeteleza, ninyanyueni msinicheke. Naandika kwa mkono. Mchapaji wa duka la jirani ataipiga chapa na kuituma kwa kompyuta. Amenionya kwamba huenda msiisome. Nikamjibu kwamba watu walioweza kuhesabu askari wa dunia nzima hawatashindwa na karatasi mbili.

YAH: KUMTIA MJUKUU WANGU KWENYE RAMANI KABLA HAJAZALIWA

Binti yangu wa mwisho, ambaye tunamwita Chiriku kwa sababu tangu utotoni mdomo wake haujui likizo, ana mimba ya miezi minane na siku kadhaa. Presha ilimpanda, miguu ikavimba, daktari akaagiza alale ubavu wa kushoto, asinyanyue hata ndoo, na asiudhike. Hapo kwenye asiudhike alipiga mstari mara mbili. Nikamleta kwangu. Mumewe, fundi umeme, mtu mpole, akamletea kompyuta na mchezo wenu ili apate cha kumtuliza kitandani. Na kweli alitulia. Wiki ile ya kwanza niliwaombea heri.

Wiki ya pili, mimi napiga pasi mlangoni pake, akanieleza mchezo ulivyo. Dunia ya zamani mmeikata majimbo, kila jimbo mmelipaka rangi ya watu wake, naye Chiriku ni malkia, anajenga, anapigana, anaoza watoto wa wafalme wenzake. Nikaupenda. Nikamwambia hebu tutafute sisi. Akatukuta. Watu wangu wa milimani tumo, tumepakwa kijani. Watu wa baba yake wa ziwani wamo pia, bluu. Kisha akaanza kumtafuta huyu wa tumboni. Akatafuta, akatafuta, akanyamaza. Chiriku akinyamaza, nyumba hii hata mijusi hushtuka. Alipofungua mdomo ilikuwa saa ya chakula cha mchana, akasema, "Mama, mwanangu nimemtafuta ramani nzima. Hayupo." Muuguzi alipokuja kumpima, presha ilikuwa imepanda tena.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jimbo zima mmelipaka rangi moja. Mimi naishi nyumba ya vyumba sita na bomba moja uani, na hiyo rangi moja sijaiona hata bombani. Chukueni mume wangu tu, mwashi. Baba yake wa ziwani, mama yake wa mpakani. Akihesabu matofali, anahesabu kwa lugha ya mama yake. Akijigonga nyundo, analia kwa lugha ya baba yake. Akitaka nimwongezee mboga, anaongea ya kwetu, tena kwa lafudhi safi kabisa. Mtu mmoja huyo, na hajanawa mikono bado. Nyinyi mngempaka nini? Mkwe wangu naye, baba yake alitoka ng'ambo ya jangwa kuja kufunga mashine za kusaga, akamkuta mama mtu wa nyanda za chini, akasahau kurudi. Sasa jumlisheni huyo wa tumboni. Mimi nimejumlisha kwa vidole, mkono mmoja umeisha, na mababu sijawagusa.

2. Waliobaki mmewaita Wengineo. Chiriku alinionyesha. Ukiligusa jimbo linatokea duara kama mfuniko wa sufuria, limekatwa vipande, na pembeni kuna kipande chembamba cha kijivu kimeandikwa hivyo. Akaniuliza kama mtoto wake ataingia humo. Waheshimiwa, mimi ni dobi. Wengineo ninao, wamo kwenye kapu nyuma ya mlango, ni soksi zilizopotelewa na wenzake. Mjukuu wangu si soksi.

3. Mmeweka kitufe cha kugeuza watu. Malkia anakibonyeza, mstari mwembamba unajaa polepole, na baada ya miezi thelathini jimbo zima limekuwa watu wake, kuanzia lugha hadi mavazi. Miezi thelathini. Mimi nina miaka ishirini na tisa ya ndoa na bado sijamgeuza mwanamume mmoja aache kutundika taulo mbichi juu ya mlango. Naye hajanigeuza mimi niache kumsemesha akiwa ananyoa. Tumechoka wote, tukabaki hivi hivi, na tumezaa watatu.

4. Mmeandika kwamba rangi zikichanganyika, uasi unaongezeka. Nani kawaambia? Ugomvi mkubwa wa mwaka huu hapa kwetu ulikuwa wa kamba ya kuanikia nguo, kati ya dada wawili wa chumba cha nne, baba mmoja, mama mmoja, hata kucheka wanacheka sawasawa. Aliyewapatanisha ni mshona viatu wa chumba cha sita, ambaye mpaka leo hakuna anayejua katokea wapi, na kwa kuwa hana wa kumpendelea, wote walimsikiliza. Uani kwetu kungekuwa na rangi moja tungeshamalizana zamani.

5. Kuchanganyika mmekuweka chini ya amri ya mfalme. Chiriku anasema watu wapya hawatokei mpaka mwaka fulani ufike, na mtawala awe ameshakusanya alama mia tatu za heshima, ndipo atie sahihi. Mimi nguo nyekundu na shuka jeupe nikiziloweka beseni moja haziningojei sahihi. Kuna siku nilienda tu kumfungulia mtu mlango, niliporudi shuka la mteja lilikuwa limepata rangi ambayo haikuwa ya shuka wala ya ile nguo. Mteja alininunia wiki nzima. Wiki iliyofuata alirudi na shuka la pili, akaniomba nilifanye vilevile, nami sikuweza. Naona na wafalme wenu hawataweza.

6. Hili ndilo limenitoa machozi. Tangu ramani yenu iingie, mume wangu kila akitoka kazini anapita chumbani kwa binti kukagua kama ziwa lake limesogea. Juzi mama mkwe wa Chiriku alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akaona watu wake wa nyanda za chini wamepewa kipande kidogo, akauliza nani alikuja kupima. Nikamwambia watengenezaji. Akasema basi hao kwao hawajafika. Mimi nikasema labda kweli ni wachache. Yeye akasema atakapozaliwa huyu tutaona nani ni wachache. Tukaendelea hivyo, kwa adabu, mimi huku, mama mkwe mwenzangu kule, tunamvuta mtoto huku na huko juu ya mtu aliyelala ubavu wa kushoto, hadi Chiriku akafumba macho akasema, "Mgawaneni. Mkimaliza mniambie nimzalie upande gani."

Tukaona haya. Mwenzangu akachukua ndoo akaenda bombani, ingawa maji yalikuwepo. Presha ya siku hiyo nusu naiandika kwenu, nusu naibeba mwenyewe.

7. Namba saba nilikuwa nimelalamikia farasi, mchapaji amenishauri niiache.

Ninachoomba ni kidogo. Rangi ziruhusiwe kuingiliana kingoni, kama kitambaa kilichotoa rangi. Hilo likiwezekana, jimbo lipunguzwe ukubwa liwe mtaa. Mtaa uwe nyumba, maana nyumba hazifanani. Nyumba iwe chumba, kwa sababu ya wale dada na mshona viatu. Chumba kiwe mtu. Na kwa kuwa mume wangu wa asubuhi siye yule wa saa ya chakula, kila mtu abadilike rangi kufuatana na saa na anaongea na nani. Mchapaji anasema kompyuta itawaka moto. Iwekeeni feni. Habari zote nitawapelekea mimi kila Jumamosi, nani kahamia, nani kaolewa, nani kanuniana na ukoo wake akawa wa kwetu kwa muda. Ila harakisheni, daktari amesema zimebaki wiki tatu, na ningependa mtoto akifumbua macho akute nafasi yake imeshapakwa.

Sina la zaidi ila wasiwasi, na huo sijaumaliza. Wasalimieni wazazi wenu, wake na waume zenu, na yeyote hapo kazini ambaye mama yake na baba yake walibishana amwite mtoto kwa lugha gani. Huyo mpeni barua hii aisome wa kwanza.

Ni mimi mwenye kuwatakia mema,
Mama Chiriku, dobi.

Nyongeza: Barua ilikuwa bado kwa mchapaji mtoto alipokuja, hakungoja wiki tatu wala nyinyi. Ni wa kike, mzima, na mama yake presha imeshuka, anaongea mpaka muuguzi ameomba kubadilishwa zamu. Sasa nimemshika mwenyewe, nimempeleka dirishani, nimemwangalia kwenye mwanga. Waheshimiwa, mkweli hafichi. Paji la uso, masikio, ule mdomo anavyoukunja kabla ya kulia, ni mama yangu mzazi mtupu. Ni mtu wa milimani huyu, hana hata doa la kwingine. Mama mkwe wa Chiriku anasema habari za pua, lakini yule mwenzangu miwani aliisahau nyumbani. Kwa hiyo yote niliyoandika kuanzia namba moja mnaweza kuyaacha. Ramani yenu iko sawa. Rangi moja inatosha, iwe kijani, na mpaka wetu usogezeni kidogo tu, ufike wodi ya wazazi, kitanda namba saba.