Jalada la Aliyeacha Kazi kwa Hasira

Jumatatu, 3 Machi
Furaha! Kanuni ya utumishi nimeisoma mara tatu. Aliyeacha kazi kwa hiari hurudishwa kwenye cheo chake kilekile, bila usaili, mradi aombe kabla ya miaka miwili kwisha na jalada lake liwe safi. Miaka yangu inakwisha Ijumaa. Baada ya hapo ni kuanza chini kabisa, kama mgeni. Nimemwambia mke wangu ajiandae kuwa tena mke wa karani mkuu wa masjala. Kasema anachotaka ni mume asiyeshinda jikoni akimpangia sufuria kwa alfabeti.

Jumanne, 4 Machi
Kiti changu kakikalia Muhuri! Binti niliyemfundisha kazi mwenyewe. Jina la utani nilimpa mimi, maana hugonga muhuri hata karatasi tupu. Kaniamkia shikamoo mzee. Mzee! Kisha kasema jalada langu halionekani. Nikamjibu kwamba enzi zangu halikupotea hata moja. Kalificha huyu, wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimemshtaki Muhuri kwa mkurugenzi. Kurasa nne, nakala kila idara! Nilikuwa nampigia mke wangu hadithi hiyo kwa mbwembwe, naye akauliza kwa upole kama si mimi niliyelificha jalada, mwaka ule nilipopewa barua ya onyo, ili isiwekwe ndani.

Lo. Ni mimi. Nililichomeka kwenye kabati lisilofunguliwa na mtu: la watumishi waliofariki. Akili ile! Hata leo najivulia kofia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeingia masjala kulichomoa, nikijifanya mfagiaji: ndoo na dekio, kofia imefunika macho. Muhuri akaniamkia shikamoo mzee.

Kumbe barua yangu ilimfanya apekue kila kabati, na jalada kalipata. Balaa ni kwamba mwaka jana, kwenye ukaguzi, majalada yote ya kabati lile yaligongwa MAREHEMU bila kufunguliwa. Kanuni ya kumrudisha kazini marehemu haipo. Kuna fomu ya kuthibitisha uhai, lakini hutiwa saini na karani mkuu wa masjala, yaani yeye. Muhuri kauliza, saini yake itamsaidia nani, ikiwa nimeandika kurasa nne kwamba haiaminiki?

Ijumaa, 7 Machi
Muda umekwisha saa tisa na nusu. Nililia kidogo, kwa heshima. Muhuri kanionea huruma, kanipa fomu ya ajira mpya: karani msaidizi, majaribio miezi sita, chini yake. Mke wangu kapiga vigelegele kabla sijamaliza kusimulia.

Jumatatu, 10 Machi
Kazini! Kazi ya kwanza niliyopewa: kufungua jalada langu jipya na kuweka ndani, kama waraka namba moja, ile barua ya kurasa nne. Lakini kanuni inasema mwenye jalada safi hupanda cheo akimaliza majaribio. Basi nimelichomeka mahali.

Kabati la marehemu? Hapana, mimi si mjinga. La wastaafu.