Ndege Yenu ya Juu Iitwe Shahidi wa Njiwa Wangu

Kwa Mheshimiwa Kamanda wa Kituo cha Ndege Zisizo na Rubani, nyuma ya vilima vyetu, Zarqa.

Salamu nyingi kama punje za mtama. Mimi ni Fawaz, Abu Dirgham, mpeperusha njiwa, niliyeendesha lori hadi Kuwait na Basra, kwa hiyo mambo ya dunia hayanibabaishi. Nina malalamiko.

1. Njiwa wangu Yasmina, mweupe mwenye mkia mweusi, malkia wa anga hili, Jumatatu alitua kwa jirani yangu Abu Shihab. Tuna mapatano: aliyepotea hurudishwa. Lakini yeye anapiga kelele toka paani kwake: "Yasmina gani, we mzee? Labda kaolewa Dameski! Nenda kafuge kuku!"

2. Nikaenda kwa kadhi. Alipomaliza kucheka akasema, "Abu Dirgham, mpeperusha njiwa hapokelewi ushahidi, unajua. Kutwa yuko paani anachungulia nyua za watu, jioni anaapia njiwa asiye wake." Mimi nichungulie? Mimi natazama juu!

3. Na huko juu niliiona ndege yenu. Inakaa angani mchana na usiku, haishuki hata kwenda msalani, na nasikia inasoma namba ya gari kutoka mawinguni. Itashindwaje kumwona Yasmina? Tena haifugi njiwa, kwa hiyo haina upande.

4. Basi ije barazani kwa kadhi. Mabawa yakikwama mlangoni, kadhi atatoka uani, nimeshamwambia.

5. Ikiwa ina shughuli, iache mipaka siku mbili ilinde paa la Abu Shihab. Maadui watasubiri, ni watu waungwana.

6. Mkikataa hayo yote, niajirini mimi. Nashinda juu kutwa, sichoki, na mafuta yangu ni chai na mkate wa majani ya zaatari.

Wasalimie vijana wote wanaokodolea vioo humo kituoni. Waje Ijumaa, mke wangu Umm Dirgham atawapindulia sufuria zima la maqluba, wali wetu wa nyama.

Wenu wa paani,
Fawaz Abu Dirgham

Tanbihi: Nikiwa nalamba bahasha, Yasmina huyo, karudi! Nyuma yake madume mawili ya Abu Shihab, yamempenda, nifanyeje? Nimefunga banda yasipigwe baridi. Sasa Abu Shihab anafoka kwamba ataomba picha zenu. Mheshimiwa, nimemwelewa kadhi: anayeshinda juu ya mapaa ya watu hapokelewi ushahidi. Maqluba iko palepale.